Ndoo ya Saba na Ndoo ya Kumi na Tisa

Mkaguzi wa Pili aliingia nyumbani kwa shangazi Jumamosi asubuhi, akiwa ndani ya karatasi nne zilizobanwa kwa pini, na haikufika saa nne alikuwa ameshamnyima mtu hamu ya chai.

Mtu mwenyewe alikuwa mtoto wa kaka yake shangazi, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mhadhiri wa chuo kikuu kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, bingwa wa wadudu wanaokula nafaka ghalani. Mtaani walimwita Daktari Fukusi, kwa jina la yule mdudu mdogo mweusi mwenye pua ndefu anayetoboa mahindi. Hakuchukia. Alikuwa akisema heri kuitwa kwa jina la mdudu unayemjua kuliko kuitwa mheshimiwa na watu wasiokujua.

"Huyu Mkaguzi wa Pili," shangazi aliuliza, akisogeza kikombe ambacho hakikuguswa, "ana mke?"

"Simjui, shangazi. Hata jina hatuambiwi. Wanaokagua makala wanafichwa kwetu, na sisi tunafichwa kwao."

"Yaani mtu anakusema kurasa nne nzima, wewe humjui, na yeye hakujui?"

"Ndio utaratibu."

"Huku kwetu utaratibu huo unaitwa umbeya. Na wanalipwa?"

"Hawalipwi."

"Basi hana mke," shangazi akakata shauri. "Mwenye mke angeulizwa anafanya nini na karatasi za watu wakati bomba la jikoni linavuja."

Daktari alicheka, lakini kicheko kilifika kwenye midomo kikaishia hapo. Shangazi alikiona. Yeye shule aliiachia darasa la saba, ila habari za hii makala alizijua kama alivyojua mabamba ya bati ya paa lake, lipi zima na lipi linavuja. Jarida la kwanza liliikataa ndani ya siku kumi na moja. La pili liliikalia miezi tisa, muda wa kutosha kuzaa mtu, halafu likajibu kwamba haiwafai wasomaji wake. Hili la tatu ndilo lililosema: rekebisha, jibu kila hoja ndani ya siku thelathini, ndipo tutaamua. Na mkuu wa idara alikwishamwambia Daktari, kwa sauti laini ya mtu anayekuchoma sindano, kwamba bila makala moja iliyokubaliwa kufikia mwisho wa muhula, mkataba hautaongezwa. Muhula ulibakiza wiki tisa.

"Nisomee anachosema," shangazi akasema.

"Mkaguzi wa Kwanza ameandika mistari mitatu. Anasema kazi ni nzuri, nirekebishe jedwali la pili."

"Huyo ana mke."

"Wa Pili ana hoja kumi na tisa. Kumi nimeshajua nitajibu nini. Hii ya kumi na moja ndiyo inaniua." Akainua karatasi. "'Katika ndoo ya saba na ya kumi na tisa, fukusi walio hai wanashuka kutoka sitini na mmoja hadi wanne kati ya wiki ya kumi na ya kumi na nne. Mwandishi anadai ni joto. Lakini matundu kwenye punje yanaendelea kuongezeka. Sijawahi kuona fukusi wanaopungua huku wakizidi kula. Kama mwandishi hawezi kueleza jambo hili, siwezi kuziamini ndoo nyingine.'"

Shangazi akaacha kusogeza kikombe. Akaangalia mlango wa stoo.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka uliopita Daktari alitaka kujua kama majani fulani ya kichakani, yakikaushwa na kutwangwa, yanaweza kuyalinda mahindi kama dawa ya dukani. Maabara ya chuo ilikuwa na friji mbili, moja mbovu, na foleni ya watafiti hadi koridoni. Isitoshe, alitaka mahindi yakae kwenye stoo ya nyumba kweli, yenye joto la kweli, kama yanavyokaa kwa watu. Shangazi akatoa yake bila kuulizwa mara mbili. Zikaja ndoo ishirini na nne, kila moja kilo tano za mahindi na fukusi ishirini wa kuanzia. Sita zilitiwa majani, sita majivu, sita dawa ya dukani, na sita hazikutiwa kitu chochote, ili ijulikane wadudu wakiachiwa watafanya nini. Vifuniko vilitobolewa katikati na kushonewa chandarua na jirani, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Bi Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Juu ya kila ndoo iliandikwa namba tu. Zikapangwa kwa kura kwenye rafu tatu: nane chini, nane katikati, nane juu.

Kila baada ya wiki mbili Daktari alikuja, akafungua ndoo moja moja, akachekecha mahindi, akahesabu wadudu walio hai, akahesabu matundu kwenye punje mia. Halafu, na hapa ndipo shangazi alipopigwa na butwaa, akawarudisha wadudu mle mle ndani ya mahindi.

Mara ya kwanza shangazi alidhani ni uchovu. Mara ya pili alidhani ni huruma, maana mtoto huyu tangu udogoni alikuwa anazunguka siafu ili asiwakanyage. Mara ya tatu hakudhani tena, aliumia. Chakula cha Mungu, kilo tano, kinaliwa na viumbe visivyolima, na mwenye PhD anavirudisha mezani! Akaingia stoo siku moja Daktari asipokuwepo. Ndoo za rafu ya chini nyingi zilikuwa tulivu. Ya saba na ya kumi na tisa zilikuwa zinatembea. Ukiweka sikio unasikia kama mvua ya mbali.

Shangazi akafikiri kwa akili yake ya nyumbani: mtihani huu, ndoo zenye wadudu wengi ndizo zitakazomwaibisha mtoto. Akachukua chekecheo la jikoni, akazisafisha zote mbili, akawamwagia kuku wale fukusi, akafunga vifuniko vizuri kama alivyovikuta. Wiki mbili baadaye akarudia. Na tena. Alijisikia kama mtu aliyempigia mwanafunzi pasi sare yake kabla ya ukaguzi.

Hakumwambia mtu. Msaada ukiutangaza unakuwa deni.

Sasa Daktari alikuwa anasema, macho kwenye karatasi: "Nitaandika nilikosea kuhesabu. Lazima nilikosea. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha wiki zile."

"Ukiandika hivyo watasemaje?"

"Watasema kama nilikosea hapo, nilikosea na kwingine. Wataikataa." Akajaribu kutabasamu. "Lakini nitakuwa nimejibu."

Alipoondoka, shangazi hakungoja hata vyombo vikauke. Akavuka uchochoro hadi kwa Bi Sindano, ambaye alikuwa na suruali ya mtu kwenye cherehani na pini tatu mdomoni. Akamweleza yote.

Bi Sindano akatoa pini moja moja ili acheke vizuri. "Wewe bibi! Umekula utafiti wa mtoto!"

"Sikula. Walikula kuku."

"Na mayai ulikula wewe."

"Niache. Nifanyeje?"

"Nyamaza. Nani atajua? Kuku hawatasema."

"Anataka kuandika kwamba yeye ndiye hajui kuhesabu. Yule, tangu darasa la pili, hajawahi kukosea hesabu. Ataweka jina lake kwenye uongo kwa sababu ya chekecheo langu."

Bi Sindano akanyanyua suruali, akaitazama kwa jicho moja. "Ukimwambia, na huyo mkaguzi akijua kuna mtu aliingiza mikono kwenye ndoo, si ndio atatupa zote ishirini na nne? Ukinyamaza ameumia, ukisema ameumia. Sasa we chagua aumie akijua au aumie bila kujua."

Shangazi akajifunga khanga upya.

"Shona suruali yako," akasema, akaondoka.

Jumatatu alivaa viatu vya kufungwa, akaviringisha kitu kirefu ndani ya gazeti, akakibana kwapani, akaenda chuoni. Ofisi ya Daktari ilikuwa ghorofa ya pili, chumba cha wahadhiri wanne chenye madawati matatu, hivyo mmoja wao kila siku alikuwa na mkutano kwingine. Dirishani kulikuwa na mitungi ya wadudu waliokufa, imepangwa kama viungo vya mpishi. Shangazi alipanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua nne, mkono kwenye goti.

"Shangazi! Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani kuzima. Kaa." Yeye mwenyewe hakukaa. "Ndoo ya saba na ya kumi na tisa. Hukukosea kuhesabu. Nilichekecha mimi."

Daktari akamtazama. "Ulichekecha nini?"

"Wadudu. Niliwatoa nikawapa kuku. Mara tatu. Nilidhani nakusaidia, mama. Nilidhani mwenye wadudu wachache ndiye anayefaulu."

Daktari akasukuma karatasi kando. Kisha Daktari Fukusi akaweka paji la uso juu ya dawati, mabega yakaanza kutikisika, na shangazi moyo ukamshuka hadi kwenye vile viatu. Akanyoosha mkono ampapase, na hapo ndipo alipogundua kwamba mtoto anacheka. Alicheka hadi machozi, na katikati ya kucheka machozi yakabadilika yakawa ya kweli, halafu yakarudi kuwa ya kicheko.

"Miezi sita," akasema akijifuta, "nimesoma vitabu vitatu kuhusu joto la ukutani. Niliandika aya nzima kuhusu ukuta wako, shangazi!"

"Ukuta ule hauna kosa."

"Najua sasa!" Kisha uso ukabadilika. "Zipi nyingine? Sema kweli. Uligusa zipi nyingine?"

"Hizo mbili tu."

"Kwa nini hizo tu? Zisizotiwa dawa zilikuwa sita. Zote zilikuwa na wadudu hivyo hivyo."

"Zilikuwa wapi hizo nyingine?"

Daktari akafungua kompyuta, akatafuta mchoro wa rafu. "Mbili katikati. Mbili juu kabisa."

Shangazi akapiga goti lake la kulia kwa kiganja. "Haya hapa majibu yako. Haya magoti hayapandi stuli tangu mwaka juzi. Na ile rafu ya katikati nikiinua mkono na ndoo ya kilo tano, bega linaniita jina langu kamili. Nilitaka kuzisafisha zote, sikudanganyi. Nilishindwa."

Daktari alimkumbatia hayo magoti. Aliinama kabisa chini, mwalimu wa chuo kikuu, akayakumbatia magoti ya shangazi yake mbele ya mhadhiri mwenzake aliyekuwa anaingia na bahasha, ambaye aligeuka akatoka kimya kimya.

"Sasa nataka tarehe," akasema akiwa bado chini. "Bila tarehe watasema tumetunga."

Ndipo shangazi akafungua lile gazeti. Ndani yake ilikuwa kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita. Kila siku, kwa penseli, kwa ule mwandiko wa darasa la saba uliosimama wima, kulikuwa na namba ya mayai aliyookota: manne, matano, manne, matatu. Shangazi aliandika mayai tangu alipoanza kufuga, kwa sababu kuku mmoja alikuwa mzembe na alitaka ushahidi. Katika miezi miwili kulikuwa na siku tatu zenye herufi W ndani ya duara.

"W ni wadudu," akasema. "Niliweka alama nione kama mayai yataongezeka."

"Yaliongezeka?"

"Kidogo. Lakini yule mzembe hakubadilika."

Wakaweka kalenda kando ya daftari la Daktari. Siku ya W ya kwanza ilikuwa Jumanne, siku tatu baada ya hesabu ya wiki ya kumi, iliyokuwa sitini na mmoja. Hesabu iliyofuata, ndoo hizo mbili zilianguka. Kila W ilikaa mahali pake, na matundu nayo yakaeleweka: chekecheo lilitoa wadudu waliokomaa, mabuu yakabaki ndani ya punje yakiendelea kutoboa. Kisha Daktari akapitia ndoo nyingine ishirini na mbili, moja moja, akilinganisha wadudu na matundu, na shangazi akakaa kwenye kiti cha yule mwenye mkutano, akimtazama kidole chake kikishuka kwenye safu za namba. Kote, wadudu walipoongezeka matundu yaliongezeka, walipopungua yalisimama. Hakuna aliyekuwa amezigusa.

"Nazitoa hizo mbili," Daktari akasema. "Nabaki na nne zisizotiwa kitu. Nguvu ya ushahidi inapungua, lazima niseme hivyo. Lakini tazama majani. Ulivyowatoa wadudu, ndoo zisizo na dawa zilionekana salama, kwa hiyo majani yangu yakaonekana hayana kazi kubwa. Kumbe yanafanya kazi vizuri kuliko nilivyoandika."

"Kwa hiyo nilikuwa nakuharibia huku nikijipongeza."

"Kabisa."

"Asante kwa kutonificha," shangazi akasema, na wote wakacheka tena.

Ubishi ulikuja kwenye kuandika jibu. Siku tisa Daktari alirudia mahesabu, siku ya kumi akaja nyumbani na rasimu.

"'Ilitokea hitilafu ya uhifadhi,'" akasoma.

"Hitilafu ya nani?"

"Nakulinda, shangazi."

"Hitilafu ni kitu cha umeme. Mimi nina mikono. Andika nani alifanya nini."

"'Mwanakaya mmoja alichekecha...'"

"Mwanakaya mmoja! Nyumba hii ina mwanakaya mmoja tu, wengine wana mabawa. Andika mwenye nyumba, shangazi yake mwandishi, alidhani wadudu ni uchafu. Aliwatoa mara tatu, tarehe hizi. Alisema mwenyewe bila kuulizwa. Na usisahau magoti."

"Siwezi kuandika magoti kwenye jarida la sayansi."

"Ndiyo yaliyookoa zile ndoo nne. Ukimshukuru kila mtu ukayaacha, utakuwa huna adabu."

Ikaandikwa hivi: "Ndoo za rafu ya katikati na ya juu hazikufikiwa, kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kupanda wala kuinua uzito kwa sababu ya maradhi ya viungo." Shangazi akaona imepakwa rangi nyingi mno lakini akaipitisha. Picha ya kalenda ikaambatishwa, mayai na W zake zote. Daktari akabonyeza kitufe cha kutuma zikiwa zimebaki siku kumi na tatu, na hakukuwa na kazi nyingine ila kungoja.

Kungoja kuliingia wiki ya tano. Shangazi alikonda shavu moja, Bi Sindano akadai. Mkuu wa idara alimsimamisha Daktari koridoni mara mbili, kumwuliza kwa ile sauti laini kama kuna habari. Mara ya tatu Daktari alimwambia kwamba habari ipo, iko njiani, na akapita.

Ilifika Alhamisi, saa nane mchana. Shangazi alikuwa uani anaanua nguo aliposikia jina lake likiitwa kutoka mwanzo wa uchochoro, na kabla hajageuka Daktari alikuwa ameshafika, begi linaning'inia, kiatu kimoja kimefunguka.

"Wamekubali!"

Shangazi akakaa pale pale juu ya beseni la nguo safi.

"Nisomee. Soma Mkaguzi wa Pili."

Daktari akahema, akashika simu kwa mikono miwili. "'Nimesoma majibu yote. Hoja ya kumi na moja imejibiwa kikamilifu. Nimekagua makala kwa miaka ishirini na mbili, na mara nyingi nimeletewa joto, unyevu na mizani mibovu. Hii ni mara ya kwanza kuletewa shangazi. Namshukuru kwa kusema. Miaka yangu ya mwanzo, mama mkwe wangu alipika maharage yangu ya majaribio, nami nikaandika kwamba yaliharibiwa na ukungu. Makala ile bado ipo na jina langu liko juu yake. Napendekeza makala hii ichapishwe. Kwa majaribio yajayo, chumba kiwe na msimamizi anayejulikana.'"

Daktari akashusha simu.

"Maskini," shangazi akasema, na sauti yake haikuwa na utani. "Miaka yote hiyo na maharage moyoni. Kumbe ana mke."

Bi Sindano alikuwa ameshatokea na futi yake ya kitambaa shingoni, akidai asomewe upya tangu mwanzo. Akasomewa. Kisha akasomewa na ile sehemu ya mwisho ya makala, ya shukrani, ambayo Daktari alikuwa ameirudisha kwa sababu sasa majina hayafichwi tena: anamshukuru mwenye nyumba iliyotunza ndoo, kwa chumba chake, kwa kalenda yake, na kwa ukweli wake, anamshukuru fundi aliyeshona vifuniko, anawashukuru wakaguzi wawili.

"Fundi aliyeshona vifuniko," Bi Sindano akarudia polepole. "Nami nilimwambia anyamaze!"

"Hilo hatukuliandika," shangazi akasema.

Mkataba uliongezwa, miaka mitatu kwa mkupuo. Daktari alipoleta barua yake, shangazi aliishika muda mrefu kuliko ilivyohitaji kusomwa, kisha akasema, "Ulicheka, mama. Siku ile ofisini. Ungeweza kunifokea na ungekuwa na haki. Ulicheka kwanza. Sijasahau." Daktari akamfunga kifungo cha sweta kilichokuwa kimefungwa vizuri tu.

Muhula mpya ulipoanza zikaja ndoo thelathini na sita na rafu mpya. Safari hii kuliletwa pia kipimajoto cha kutundika na daftari jipya gumu. Kwenye jalada la daftari Daktari alikuwa ameandika, kwa kalamu nzito, Msimamizi wa Chumba, na chini yake jina kamili la shangazi, lile la shuleni ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia tena.

"Chuo kilitaka jina la msimamizi," Daktari akasema. "Nimepeleka lako. Utasoma joto asubuhi na saa kumi jioni, uandike humu."

Shangazi akapitisha kidole juu ya jina. "Na wadudu?"

"Waache waishi."

"Wote?"

"Wote, shangazi. Hata wale wanaonenepa."

Shangazi akatazama ndoo thelathini na sita, kilo tano kila moja, akapumua kama mtu anayeaga ndugu. Lakini kesho yake asubuhi, alipokuwa peke yake, alivaa miwani, akasogea hadi pua ikagusa kioo cha kipimajoto, akafungua ukurasa wa kwanza. Akaandika tarehe. Akaandika saa. Akaandika nyuzi ishirini na saba. Kulikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa Maelezo, na kwa kuwa hakutaka kuiacha tupu, akaijaza kwa mwandiko wake uliosimama wima:

"Wadudu wapo wote. Sijawagusa."